Mita tatu, mita tano: sini za The Lord of the Rings na vipimo vilivyozibeba
Mhadhara kwa vijana wanaotengeneza filamu, Unguja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Walimu wetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokuja na simu zenu na stendi zenu, karibuni na ahsanteni.

Filamu ninazozizungumzia mnazijua. Ni tatu, zilitoka Disemba ya 2001, ya 2002 na ya 2003. Peter Jackson aliziongoza zote pamoja kwao New Zealand, upigaji ukaanza Oktoba 1999 na kumalizika Disemba 2000, na ile ya tatu ilichukua Oscar 11, kila moja iliyoteuliwa. Mwenye kitabu, J.R.R. Tolkien, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Basi, hayo yatosha. Sikuja kusimulia hadithi.

Nimekuja na neno moja. Sini ambazo watu hawazisahau katika filamu hizi zimejengwa kwa futikamba. Kompyuta ilikuwapo, tena kubwa, lakini ukizifungua sini zenyewe utakuta ndani yake kuna mita, sentimita na mahali jicho linapotazama. Na mita ni mita, New Zealand na Jambiani.

Tuanze na inayopendeza zaidi machoni pangu: Gandalf, mchawi mrefu, amekaa meza moja na hobiti, mmoja wa watu wafupi wa hadithi ile, ambaye kichwa chake kinamfika kifuani. Waigizaji wenyewe ni watu wazima wa kimo cha kawaida. Tazameni hapa mbele. Nimeweka mabenchi mawili na simu moja juu ya stendi, na picha yake inaonekana ukutani. Benchi la kwanza liko mita 3 kutoka kwenye lenzi, upande wa kushoto. La pili liko mita 5, upande wa kulia. Wewe kijana wa kanzu, tafadhali kaa la mbele. Na wewe mwanangu wa mtandio wa buluu, kaa la nyuma. Sasa msiwatazame wao, tazameni ukutani.

Mnaona? Yule wa nyuma amekuwa mtoto. Tatu gawa kwa tano ni 0.6, kwa hiyo kila kitu chake kinaonekana kwa asilimia 60 ya kimo chake. Ukitaka awe mdogo zaidi, mpeleke mita 6, atakuwa nusu. Hesabu ni hiyo tu. Kazi iko katika kumzuia mtazamaji asijue kwamba kuna mita 2 katikati yao.

Kitu cha kwanza kinachoiharibu hila hii ni miguu. Kamera ikiwa juu, miguu ya aliye mbali huonekana imepanda kwenye picha, na jicho linang'amua mara moja kuwa yuko nyuma. Kwa hiyo lenzi nimeiweka kimo kilekile cha kiti cha benchi. Hapo uso wa juu wa benchi hauonekani, unaona ukingo tu, na kingo mbili zinakutana zikawa ubao mmoja. Kama watu wamesimama ufukweni, laza simu mchangani, lenzi iwe sentimita 5 tu juu ya ardhi. Nyayo zote zitaangukia mstari mmoja. Maji ya bamvua yakikupwa, ufuko wa Paje au Jambiani ni studio ya bure: mchanga mweupe, hauna alama wala kigingi cha kumsaidia mtazamaji kupima umbali. Ila upige kabla hamjatembea. Nyayo zinazokwenda zikipungua ukubwa zinatoa siri yote.

Kitu cha pili ni unene. Ubao wa benchi la mbele ni sentimita 3. Wa nyuma tumeutia ubao mwengine juu yake hadi ukafika sentimita 5, kwa sababu mbali unapungua kwa 0.6 na kurudi kuwa 3. Vyombo hali kadhalika. Kijana wa kanzu ameshika finjani ya kahawa yenye mdomo wa sentimita 6. Binti ameshika bakuli la sentimita 10, na ukutani vinaonekana vimetoka seti moja. Tazameni mikono yake inavyohangaika kulizunguka: ndiyo mikono ya hobiti iliyoshika chombo cha jitu. Wale wa New Zealand walitengeneza vyombo na samani kwa saizi mbili, na hata nyumba ya akina Baggins waliijenga mara mbili, ndogo na kubwa. Jambo moja haliwezekani: Gandalf kumpa hobiti finjani mkononi. Mikono yao iko mbalimbali kwa mita 2. Hapo unakata, unampiga kila mmoja peke yake.

Cha tatu, na hiki ndicho kinachowashinda wengi, ni macho. Kijana, mtazame mwenzako. Mnaona? Amegeuka nyuma, na ukutani anaonekana anaangalia ukuta wa mbali. Anatakiwa atazame upande wa kulia wa picha moja kwa moja, pale ambapo hapana mtu. Kwa hiyo mpe kitu cha kutazama: mpini wa fagio wenye alama ya chaki. Kwa waliosimama, ikiwa mfupi wenu ana mita 1.65, zidisha kwa 0.6, alama iwe karibu mita 1 kutoka chini. Upande wa pili ni kinyume: mrefu wa mita 1.8 gawa kwa 0.6, mfupi atazame alama iliyo mita 3 juu. Atahisi anazungumza na taa. Mwambie avumilie, kwenye picha wanatazamana kama mtu na mjukuu wake.

Kivuli nacho kipimeni. Mrefu akimwangushia mfupi kivuli kisimfike, uongo umejulikana. Hapa kwetu mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini, vivuli vya adhuhuri vinakunjamana miguuni. Siku nyengine ngojeni wingu. Kuhusu fokasi simu inatupa raha: lenzi yake ndogo inaona wazi karibu na mbali kwa pamoja, wakati kamera kubwa inabidi ibane tundu la lenzi mpaka f/11 au f/16, kisha iombe taa za kufidia giza. Bonyeza uso wa aliye nyuma mpaka fokasi ijifunge, usiiguse tena.

Yote haya yanafanya kazi kamera ikitulia. Jackson hakuridhika na kutulia. Kwenye sini za mezani kamera inasogea, na bado hila haivunjiki, kwa sababu mwigizaji mmoja na kipande chake cha meza waliwekwa juu ya jukwaa linalosogea sambamba na kamera. Kwa vipimo vyetu, lenzi ikienda kulia sentimita 30, benchi la nyuma liende kushoto sentimita 20. Theluthi mbili ya mwendo, upande wa pili. Akikosea anayesukuma, mtazamaji hajui kosa ni nini, ila moyo wake unakataa.

Na hobiti anapoonekana kwa mgongo akitembea na Gandalf? Hapo mara nyingi ni mtu mfupi kweli. Badala ya Frodo, hobiti mkuu wa hadithi, alitembea Kiran Shah, mwenye kimo cha mita 1.26 hivi, mzaliwa wa Nairobi. Mtoto wa Afrika Mashariki yumo katika safari ile, na nasikitika kuwa wengi wetu tumeitazama mara kumi bila ya kumjua.

Sini ya pili haitaki benchi wala futikamba. Filamu ya pili, usiku, Frodo na mwenzake Sam wamelala, Gollum, kiumbe anayewaongoza njia, anagombana na nafsi yake ya zamani, Sméagol. Mwili wake ni wa kompyuta, lakini sauti na mwenendo ni wa Andy Serkis, na sini yenyewe iliongozwa na Fran Walsh. Mwanzo kamera inamzunguka kutoka upande huu wa uso hadi ule bila kukata: mtu mmoja, ndimi mbili. Kisha mkato unaingia, na tangu hapo tunaona watu wawili wanaojibizana. Hakuna aliyetuambia wamekuwa wawili. Upande wa macho ndio uliotuambia.

Fanyeni hivi. Mwigizaji mmoja, simu moja. Maneno yote ya Sméagol ayaseme akitazama kiganja kimoja kushoto mwa lenzi. Kisha hamisha simu, mandhari ya nyuma yabadilike, na maneno yote ya Gollum ayaseme akitazama kiganja kimoja kulia. Akitazama upande uleule kwa wote wawili, umepata mtu anayesema peke yake, basi. Mwache anyamaze sekunde 2 baada ya kila sentensi, mhariri apate pa kukatia. Na mweke mtu nyuma ya kamera wa kumsomea maneno ya upande wa pili, kwa sababu asiyesikia matusi hawezi kuyajibu kwa uchungu wake.

Vita vya ngome ya Helm's Deep, katika filamu hiyohiyo ya pili, nitavisema kwa ufupi, vimesemwa sana. Vilipigwa usiku kwa karibu miezi minne, ndani ya machimbo ya mawe karibu na Wellington, na ngome ya mfano ikajengwa kwa kipimo cha moja kwa 35. Ninachowaomba mkitazame ni kile kinachotangulia. Kabla ya panga hata moja kutoka, tumeshaambiwa kuwa ukuta una kasoro moja, mfereji wa maji chini yake, na tumeona mshumaa ukikaribia unga mweusi na mkono ukiuzuia. Kwa hiyo mlipuko ukija hatushangai, tunaogopa, na hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Vijana wengi wanaanza na vurugu. Mtazamaji asiyejua mlango uko wapi hawezi kuhofia kuvunjwa kwake.

Majeshi ya mbali yaliendeshwa na programu iitwayo Massive, ya Stephen Regelous, ambamo kila askari ana macho yake na uamuzi wake. Katika majaribio ya mwanzo baadhi yao walionekana wakikimbia vita. Hawakuwa waoga. Walielekezwa upande usio na adui, hawakumuona wa kupigana naye, wakaendelea kukimbia. Mkipiga picha ya umati mtaliona hilohilo kwa watu hai. Waliokwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa wanajua kwa nini pale hapana mtu aliyesimama bure: kila mwenye kigogo cha mgomba ana mwenzake mbele yake. Msimpe muigizaji amri ya "piganeni". Mpeni mtu wake.

Na ile sauti ya Uruk-hai, jeshi la adui linaloivamia ngome? Jackson alikwenda kwenye uwanja wa Wellington, mapumzikoni mwa mechi ya kriketi, akawaomba mashabiki wapatao 25,000 wapige kelele na kuita maneno yaliyoandikwa kwenye skrini ya uwanja. Uwanja wa Amaan au Gombani wakikupeni ruhusa, vyema. Wakikataa, chukueni watu 30 nje, pasipo ukuta wa kurudisha mwangwi, mrekodi mara nne, kila mara wabadilishane nafasi na simu isogezwe mbali zaidi, kisha mzipandanishe. Yule mwenye sauti kali anayejulikana akae pembeni. Ukimsikia mara nne, jeshi lote linakuwa yeye.

Taa za milimani, ile mioto ya kuitana msaada, sini ambayo watu wanailia, naipita mbio. Kitabuni Gandalf na hobiti Pippin wanaziona zikiwaka wakiwa njiani juu ya farasi. Filamu imemfanya Pippin apande mwenyewe akaiwashe ya kwanza. Ndiyo maana ile milima inatugusa: tumeuona mkono mdogo ulioanza.

Mji wa Minas Tirith pale chini ulikuwa mfano wa moja kwa 72, wenye urefu wa kama mita 7. Hapa pana hesabu ya kuandika. Kitu kidogo kinaanguka na kuyumba haraka mno, kwa hiyo upigaji wake uharakishwe kwa kipeuo cha pili cha kipimo. Kingarawa cha kuchezea cha sentimita 20, mfano wa ngarawa ya mita 5, ni moja kwa 25. Kipeuo chake ni 5. Piga fremu 120 kwa sekunde, onesha kwa 24, na tanga litajaa upepo taratibu, kwa uzito wa ngarawa ya kweli. Maji ndiyo hayadanganyiki, tone halipungui. Likiruka tone moja kubwa kama kichwa cha nahodha, kazi imeharibika. Pigeni kwenye dimbwi lililotulia wakati wa kupwa, au tengenezeni mfano wa mita 1.25, moja kwa 4, kwa fremu 48.

Namalizia na sini ninayoiweka juu ya zote, ya filamu ya tatu. Denethor, mtawala wa Minas Tirith, amemtuma mwanawe Faramir na wapanda farasi wakafe. Yeye amekaa anakula, na anamwamuru Pippin aimbe. Billy Boyd, anayemwigiza Pippin, ndiye aliyeitunga sauti ya ule wimbo, na maneno yakatolewa katika kitabu. Farasi wanakwenda, na kwato zao zinafifia mpaka ubaki wimbo peke yake. Mishale inaachiwa. Tunangoja iwafikie. Picha inarudi mezani: meno yanapasua nyanya ndogo, maji mekundu yanamchuruzika kidevuni.

Hakuna aliyeonekana akifa. Hesabuni gharama ya kile kilichochukua nafasi ya vifo vyote vile: nyanya moja, kitambaa, na koo lililokauka la mtu anayeimba. Ila sauti ya kutafuna irekodiwe peke yake, simu iwe shubiri moja na mdomo, chumba kiwe na mazulia na mito. Ikichukuliwa kwa mbali, itazama ndani ya wimbo na sini yote itakufa. Na mwimbaji aimbe papo hapo mbele ya kamera, msimtilie sauti ya studio baadaye. Pumzi anayoivuta katikati ya mistari ndiyo tunayoihitaji.

Mabenchi, bakuli na mpini wa fagio vitabaki hapa mpaka adhana ya Magharibi. Njooni wawiliwawili, mrefu na mfupi, na asiyekuwa na futikamba atumie hii yangu.