Kumtambua Dudumizi kwa Mlio na kwa Umbo

Ndugu wasikilizaji, ndege ninayekusudia kumzungumzia leo, wengi wetu tumemsikia mara nyingi kuliko tulivyomwona. Ni dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi, mkazi wa vichaka, nyasi ndefu, kingo za mito na mashamba katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na hata bustani za mijini hazimshindi. Kwa kuwa hupenda kujificha, anayejifunza na aanze kwa sikio, kisha jicho lije kuthibitisha.

Mlio wake ni mfululizo wa sauti nzito zenye mvumo, du-du-du-du-du, unaoshuka hatua kwa hatua na kisha kupanda tena kidogo mwishoni, mithili ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye gudulia lenye shingo nyembamba. Huko kupanda mwishoni ndiko kwa kuzingatiwa zaidi, maana pugi, yule njiwa mdogo wa vichakani, naye hushusha sauti, lakini huanza kwa kusitasita, akaharakisha, na mlio ukafifia bila kupanda tena. Mara nyingi dudumizi wawili huitikiana. Dume na jike wamefanana rangi, ila jike ni mkubwa zaidi na sauti yake ni ya chini zaidi, jambo linalowashangaza wanaodhani kwamba sauti nzito lazima iwe ya dume.

Wapo wasemao kwamba dudumizi akilia, mvua i karibu. Siwabezi, kwa sababu ndege huyu huzaliana zaidi nyakati za mvua na ndipo hulia sana. Lakini nisingemshauri mtu aanue mahindi yake kwa kumsikiliza dudumizi peke yake.

Ukitaka kumwona, nenda asubuhi, hasa baada ya mvua au umande mwingi, kwani hapo hupanda juu ya kichaka na kutanua mabawa ajikaushe juani. Utamwona ndege wa urefu wa takribani sentimita 40, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia mpana mweusi. Mabawa yana rangi ya kahawia iliyoiva, kifua na tumbo ni vyeupe vyenye kuelekea rangi ya maziwa, macho ni mekundu, na mdomo ni mweusi, mnene, uliopinda kidogo. Alama ya kutegemewa zaidi ni mstari mweupe juu ya jicho, pamoja na michirizi myeupe kisogoni na shingoni. Kwa ndege mchanga mstari huo huwa hafifu na wenye umanjano, hivyo usimkatae kwa haraka.

Tahadhari hii inawahusu hasa walioko Uganda na magharibi mwa Kenya, ambako yupo pia dudumizi wa Senegali, mwenye utosi mweusi usio na mstari wowote juu ya jicho. Milio yao inakaribiana mno, kwa hiyo huko sikio halitoshi, na mtu asiandike jina daftarini kabla hajakiona kichwa.

Akishtuliwa haendi mbali: hupiga mabawa mara chache kwa uzito, huteleza hewani, kisha hutumbukia kwenye kichaka cha jirani. Huko huwinda panzi, vyura, mijusi na panya, na ingawa ni wa jamaa ya kekeo, ndege wajulikanao kwa kutaga mayai katika viota vya ndege wengine, yeye hujenga kiota chake mwenyewe cha nyasi, chenye paa na mlango wa ubavuni, na makinda yake huyalea mwenyewe.