Utafiti wa moyo unaanzia kwenye daftari la wodini

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimepewa dakika ishirini na najua baada yangu kuna chai, kwahiyo sitawachosha.

Kila nikitaja utafiti kwenye idara ya moyo, dakika mbili haziishi kuna mtu ananiuliza, Dokta, posho ipo? Msicheke, hata mimi nilipokuwa intern, daktari wa mazoezi, niliuliza sana tu. Na wala sio swali la ajabu, maana sisi tumezoea utafiti unakuja na gari, unakaa miaka miwili, unatuchukulia manesi wetu wawili wazuri, halafu siku ukiisha unaondoka na makabrasha yote na huku wodini hakuna anayejua walipata nini. Ukishazoeshwa hivyo lazima uone ni shughuli ya watu.

Sasa chukua wafarini. Wote hapa tunao wagonjwa ambao valvu zao za moyo ziliharibiwa na homa ya rumatiki, mapigo yanaenda shaghalabaghala, unawapa wafarini ili damu isigande, halafu ndo ile kazi ya kuwaita kupima INR, kile kipimo cha damu inaganda kwa kasi gani, huyu nauli hana, yule kasafiri. Zilipokuja dawa mpya zisizohitaji kupimapima tukasema afadhali, tumepona, na mimi nikiri, wale wenye uwezo nilianza kuwaambia wahamie huko. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa INVICTUS, wagonjwa kama 4,500 hivi kwenye nchi 24, wa rivaroxaban, mojawapo ya hizo dawa mpya, wakalinganishwa na wa dawa za jamii ya wafarini, na waliokufa zaidi ni wale wa rivaroxaban. Nilikaa kimya siku nzima. Akili yangu ilikuwa imeniambia kinyume kabisa!

Na swali lile lisingeweza kujibiwa London peke yake, wagonjwa wa namna hii kule ni wa kuhesabu, wapo kwetu. Waganda waliliona hilo mapema, kule kaskazini mwa Uganda walipima watoto mashuleni kwa eko, ile ultrasound ya moyo, wale waliokutwa na dalili za mwanzo mwanzo ambao wao wenyewe hawajisikii kuumwa wakagawanywa, watoto 818, nusu wanachomwa penisilini kila wiki nne na nusu hawachomwi. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 wa sindano, na kwa wasiochomwa 33. Kabla ya hapo mtoto wa hivyo ukimkuta unakuna kichwa, umchome au umwache?

Haya, turudi nyumbani, nawaambia aibu yangu. Hospitali niliyokuwa zamani nilitengeneza fomu ya wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, kurasa kumi na nne jamani, niliweka kila kitu mpaka kabila la babu. Wiki tatu tu ikafa. Manesi hawakugoma, walikuwa wanaipokea vizuri kabisa wanaiweka chini ya trei. Baadaye ndo nikaja kusoma habari za utafiti wa GISSI wa Waitaliano, 1986, walijaribu streptokinase ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa watu wenye shambulio la moyo, zaidi ya wagonjwa 11,000, kwenye wodi 176 za uangalizi maalumu wa moyo za hospitali za kawaida tu, zenye manesi waliochoka kama wa kwetu, na siri yao mojawapo fomu zilikuwa fupi. Nikarudi nikakata yangu ikabaki ukurasa mmoja.

Na swali lenyewe halikutoka kwangu, lilitoka kwa sista mmoja wa usiku, aliniuliza Dokta, mbona hawa tukiwaruhusu baada ya wiki mbili wanarudi wamevimba vilevile? Mimi na madaktari wenzangu tulikuwa tunasema ni chumvi, hawasikii hawa. Tukaongeza kwenye ile karatasi mstari mmoja, dawa zako ziliisha lini. Basi ikaonekana wengi wanaondoka na Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, ya siku kumi na nne na tarehe ya kliniki ni mwezi unaofuata. Chumvi tuliisingizia bure! Tukaanza kuwaandikia dawa za kufika siku ya kliniki, na jina la sista likawa la kwanza kwenye ile ripoti tuliyoisoma kwenye kikao cha asubuhi, ambapo kwa kawaida manesi husimama nyuma karibu na mlango.

Kibali cha kamati ya maadili mkitaka kuichapisha ni lazima, hilo msiruke, na ridhaa ya mgonjwa ielezwe kwa Kiswahili anachokielewa, sio kusainishwa tu pale huku anatafuta miwani.

Kwahiyo kuanzia Jumatatu daftari litakuwa mezani kwa Sista, maswali tisa, kila mgonjwa akiruhusiwa. Ijumaa saa mbili tunalifungua wote na anayesoma ni intern, bosi anasikiliza. Kalamu nimeifunga na kamba, mnajijua.

Haya, chai.