Binti Aliyenyweshwa Dawa ya Kaisari

Waheshimiwa wasikilizaji, tamthilia ninayotaka tuitazame leo ni Suala la Makropulos ya Karel Čapek, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza jijini Prague mwaka 1922. Nimeichagua kwa sababu inatulazimisha kuuliza ni nani anayebeba gharama pale wataalamu wanapotaka kumpa binadamu zaidi ya alichojaliwa.

Emilia Marty, mwimbaji maarufu wa opera, anajitokeza katika kesi ya urithi iliyodumu karibu miaka 100, akieleza siri za marehemu kana kwamba aliishi nao. Naam, aliishi nao. Jina lake la kuzaliwa ni Elina Makropulos, mzaliwa wa Krete wa mwaka 1585, na baba yake alikuwa tabibu wa Kaisari Rudolf wa Pili, mtawala aliyekaa Prague. Kaisari aliagiza dawa ya kumwongezea miaka 300, lakini ilipokuwa tayari akaogopa kuinywa, akaamuru anyweshwe kwanza binti wa tabibu, aliyekuwa na umri wa miaka 16. Msichana akaugua, akapoteza fahamu, kisha akapona. Kaisari naye akauliza: nitajuaje kwamba kweli ataishi miaka 300? Akamfunga tabibu kwa kosa la ulaghai.

Tusiipite haraka sehemu hiyo. Swali la Kaisari lilikuwa sahihi, ila lilipaswa kuulizwa kabla ya kikombe kumfikia mtoto, kwa kuwa jaribio ambalo matokeo yake huonekana baada ya umri mzima humwacha aliyejaribiwa peke yake na matokeo hayo. Mwaka 2018, mwanasayansi He Jiankui wa China alipotangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike ambao jeni zao alizihariri wakiwa viinitete, ili wawe na kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI, mimi nilimkumbuka Elina. Mahakama ilimhukumu He kifungo cha miaka 3, lakini watoto hao watayabeba mabadiliko yale maisha yao yote.

Elina tunayemwona jukwaani amekauka moyo. Anapoletewa habari kwamba kijana aliyempenda amejiua, haoneshi huzuni. Anaendelea na nywele zake. Sioni ukatili hapo, naona jeraha.

Katika sehemu ya mwisho wahusika wanabishana. Karani Vítek anataka watu wote wapewe dawa, Baron Prus anataka wapewe wenye nguvu tu, na wakili Kolenatý anauliza pensheni, bima na ndoa zitakuwaje. Watazamaji wengi hutoka na mjadala huo, na kwa kweli ni mzito. Mimi hubaki namtazama Kristina, mwimbaji chipukizi ambaye Elina anamkabidhi karatasi yenye maelezo ya kutengeneza dawa akimwahidi umaarufu. Yeye, tofauti na Elina, ameachiwa aamue mwenyewe. Anaishikilia karatasi ile juu ya mwali mpaka inateketea.