Kiebrania cha kitabuni, Kiyidishi cha mdomoni

Haya jamani tukae basi, wa nyuma kama mnanisikia nyoosheni mkono... sawa. Leo tunaongelea maneno ya ibada ya Wayahudi, na wengi hudhani dini ile inaendeshwa kwa Kiebrania mwanzo mwisho, kumbe sivyo. Kwa Waashkenazi, yani wale wenye asili ya Ujerumani, Poland, Urusi na kule kote, maandiko na sala ni Kiebrania lakini vitendo vyenyewe watu walivitaja kwa Kiyidishi.

Kiyidishi kilianza kama miaka 1000 iliyopita bonde la mto Rhine. Mwili wake Kijerumani, ndani kuna Kiebrania na Kiaramu, lugha ya kale jamaa ya Kiebrania, baadae yakaingia maneno ya Kipolandi na jamaa zake, na kinaandikwa kwa herufi za Kiebrania. Sisi hilo halitushtui, Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu karne na karne.

Sasa angalieni. Sinagogi kwa Kiebrania ni "beit knesset", nyumba ya kukusanyika, lakini Mwashkenazi anakwambia naenda "shul", na hiyo ni shule hiyo hiyo tuliyoachiwa na Wajerumani huku kwetu! Akifika anasali, hapo anasema "davnen", neno ambalo wataalamu wanagombania asili yake mpaka leo. Sala ya jamaa inataka "minyan", watu wazima 10, na kwa Waorthodoksi, yani Wayahudi wanaoshika sheria za jadi, ni wanaume tu. Torati inasomwa kwenye gombo lililoandikwa kwa mkono, halina irabu wala alama za kughani, kwahiyo msomaji lazima ajiandae nyumbani asije akaumbuka, na kule kusoma ndo "leyenen". Shukrani baada ya kula ni "bentshn". Haya mawili ukiyafukua unakuta Kilatini, yaliletwa na Wayahudi waliotokea upande wa Ufaransa na Italia.

Wanawake wengi zamani hawakufundishwa Kiebrania, wakawa na sala zao za Kiyidishi zinaitwa "tkhines", za kuwasha mishumaa ya Sabato, za ujauzito, za kwenda makaburini. Mimi kwa maoni yangu ukitaka kujua watu walivyoishi na dini yao nyumbani, anzia hapo, sio kwa marabi.

Alafu kuna msiba. Siku ya kukumbuka kifo cha mzazi kila mwaka ni "yortsayt", unawashwa mshumaa unaokaa usiku na mchana, na mtoto anasema "kaddish", sala ya mfiwa. Kaddish yenyewe karibu yote ni Kiaramu, na cha ajabu ni kwamba toka mwanzo hadi mwisho haitaji kifo wala marehemu, ni kumtukuza Mungu tu, na mtoto anaisema miezi 11 tangu mzazi azikwe.

Maangamizi ya Wanazi yaliua Wayahudi kama milioni 6, wengi wao wasemaji wa Kiyidishi, na Israeli ilipojengwa ikachagua Kiebrania chenye matamshi ya karibu na Wasefaradi, yani Wayahudi wenye asili ya Hispania. Ndo maana mzee wa Kiashkenazi anasema "gut Shabbos" na kijana wa Tel Aviv anasema "Shabbat shalom", zote salamu za Sabato, s na t tu hapo mwisho wa neno Sabato, ila unajua mtu katokea wapi. Mahasidi, Wayahudi wacha Mungu wa jadi, wa Brooklyn kule New York wao hawajaacha, nyumbani ni Kiyidishi bado, kwa sababu wengi wanaona Kiebrania ni lugha takatifu mno kubishania bei ya samaki.

Na msisahau majirani zetu Abayudaya, Waafrika wa dini ya Kiyahudi wa Mbale, Uganda, waliomfuata kiongozi wao Semei Kakungulu 1919. Wao hawakupitia Poland, wanasali kwa Kiebrania na Kiganda, kwahiyo Zaburi unaisikia kwa ngoma na lugha ya pale pale, na hakuna anayewadai waseme "shul" ndo wawe Wayahudi kamili. Haya, maswali, anza wewe mama hapo mbele.