Tusimzike Marehemu Pamoja na Jibu

Mbukwenyi, ndugu zangu!

Nianze na ini, kwa sababu mkoa wetu huu umeshashambuliwa ini mara mbili, na visababishi viwili visivyojuana kabisa. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini, Dodoma iliumia kuliko mkoa mwingine wowote. Virusi vile huenezwa na mbu, lakini pia huingia kwa damu ya mifugo: kwa aliyechinja, aliyechuna, aliyemhudumia mbuzi aliyetupa mimba. Miaka tisa baadaye, katikati ya 2016, watu wa Chemba na Kondoa wakaanza kuvimba matumbo, kutapika, macho yakawa ya njano. Ukaitwa ugonjwa usiojulikana. Pamoja na wenzao wa Kiteto, kule Manyara, waliougua walifika 68, na 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa ghalani: mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka.

Sasa mfikirieni daktari wa zamu aliyeletewa maiti yenye macho ya njano. Kwa kutazama tu hawezi kujua kipi ni kipi. Akidhani ni sumu kumbe ni virusi, akapasua na glovu moja nyepesi, anajiua. Akidhani ni virusi kumbe ni mahindi, akaamuru azikwe upesi bila kuchukua chochote, familia inarudi nyumbani na kusonga ugali wa gunia lile lile. Kosa la kwanza tunalifundisha sana. La pili hatulisemi, nami ndilo lililonileta hapa leo.

Wataalamu wa mifugo wametutangulia. Ng'ombe akifa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani, mzoga ule haupasuliwi. Huenda ni kimeta, na vimelea vya ugonjwa huo vikipata hewa hujijengea ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi. Lakini mtaalamu haondoki mikono mitupu. Huchukua tone la damu kwenye mshipa wa sikio, hulipaka kwenye kioo, hutazama kwa hadubini. Hakupasua, na jibu kalipata.

Binadamu naye ana sikio lake. Ikishukiwa Marburg, ile homa kali ya virusi inayoambukiza kwa majimaji ya mwili, kijiti chenye pamba kinachopita ndani ya shavu la marehemu kinatosha kupeleka sampuli maabara. Kwa magonjwa mengine, sindano ndefu inaingia kwenye ini au pafu na kutoa kipande chembamba cha nyama. Kipande kimoja hutiwa kwenye fomalini, ambayo huhifadhi nyama na kuua virusi. Kingine hubaki kibichi, kikafungwa tabaka tatu kwa ajili ya maabara, kwa sababu kilichokaa kwenye fomalini hakiwezi tena kuoteshwa vimelea. Ni kweli sindano ina upofu wake: jipu dogo likiwa kando ya njia yake, itapita bila kuligusa. Ikilazimu kupasua kikamilifu, basi ashike kisu mtu mmoja tu, msumeno wa umeme uwekwe kando, maana hurusha chembechembe hewani na kifua kikuu huvutwa hivyo, na hewa ya chumba ibadilishwe angalau mara 12 kwa saa, ikitolewa nje, si kwenye korido. Chumba kisicho na hayo, msipasulie humo.

Na mhudumu wa mochwari? Marburg ilipojulikana mara ya kwanza, Ujerumani mwaka 1967, miongoni mwa walioambukizwa alikuwemo mhudumu wa chumba cha upasuaji wa maiti. Nilipoanza kazi, katika hospitali moja nisiyoitaja, mhudumu wetu alikuwa akifua glovu zake na kuzianika dirishani. Sisi madaktari tulipita pale kila asubuhi. Nami nilipita.

Tarehe 20 Januari 2025, hapa hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa Marburg imethibitika Biharamulo, mkoani Kagera. Hadi mlipuko unaisha, walihesabiwa watu 10, wote wamefariki. Maabara ilithibitisha wawili tu. Wanane wamebaki kwenye kumbukumbu wakiitwa wanaodhaniwa. Naomba mlishike hilo neno, wanaodhaniwa. Kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyemuuguza, na mtu huyo alistahili kujua kwa hakika aliguswa na nini.

Mama uliyeuliza pale nyuma kuhusu kuosha maiti, nimekusikia. Ikishukiwa Marburg, ndugu hawaoshi. Timu iliyofunzwa, yenye mavazi kamili na dawa ya klorini, ndiyo inayomgusa. Shekhe anaweza kuelekeza marehemu atayamamishwe, yaani atoharishwe kwa udongo badala ya maji, akiwa ndani ya mfuko, mchungaji naye anaomba akiwa hatua chache nyuma. Sampuli ya kinywani ichukuliwe kabla mfuko haujafungwa. Mzee mmoja wa ukoo asimame mbali kidogo aone kinachofanyika, kisha aulize majibu yatarudi lini, na nani atayaleta nyumbani.