Zimwi Lisilojijua: Mhadhara Kuhusu Filamu ya Impostor

(Mhadhara huu ulitolewa Nakuru mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza filamu, pamoja na wazazi na walimu wao.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mlionialika, hamjambo. Nimeambiwa wengi wenu mmeshaitazama Impostor, filamu ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Gary Fleder. Basi nitaisema yote hadi mwisho wake. Ambaye hajaitazama aniwie radhi.

Filamu hii imetokana na hadithi fupi ya Mmarekani Philip K. Dick, iliyochapishwa Juni 1953. Dunia imo vitani na viumbe waliotoka kwenye nyota za Alpha Centauri. Spencer Olham, mtaalamu anayeshughulika na silaha za kuilinda dunia, anaagana na mkewe na kuelekea kazini. Siku hiyohiyo anakamatwa. Maofisa wa usalama wanamwambia kwamba yeye si Olham: Olham halisi ameshauawa, na huyu aliyesimama mbele yao ni nakala, roboti la adui lenye bomu ndani ya mwili. Filamu inayaweka haya katika mwaka 2079, na Gary Sinise ndiye Olham. Mwanzoni ilikusudiwa iwe kipande kimoja kati ya vitatu vya filamu moja, kisha ikarefushwa ijitegemee, na urefushaji huo unaonekana. Zile mbio za katikati, za vichochoroni na hospitalini, zimevutwa kupita kiasi. Sitazizungumzia.

Ninachotaka tukitazame ni kitu kimoja alichokibuni Dick, ambacho naona ni kikubwa mno.

Sote humu tumekua tukisimuliwa habari za zimwi lililojigeuza kijana mtanashati likaenda kuposa. Mahari inalipwa, watu wanacheza, bibi arusi anachukuliwa, na huko njiani mdomo wa pili unaonekana kisogoni, nyuma ya nywele. Mama zetu walitusimulia hivyo, kila kabila kwa lugha yake. Lakini zimwi hilo linajijua. Lilipokuwa likinyenyekea mbele ya baba mkwe lilikuwa linacheka moyoni. Uongo wake una mwenyewe. Ndiyo maana hadithi zile, pamoja na kutisha kwake, hutuliza: mkosaji yupo, na anajua kosa lake.

Zimwi la Dick halijijui. Olham anamkumbuka mkewe, anaikumbuka kazi yake, anaogopa kama unavyoogopa wewe. Akisema yeye ni Olham, hadanganyi. Mkimpeleka mbele ya Mungu aape, ataapa kwa moyo safi. Sasa niambieni, vijana: mtu wa namna hiyo atajitetea kwa nini? Akileta kumbukumbu, wataambiana kwamba adui alizinakili. Akilia, na machozi nayo yamenakiliwa. Akikimbia, amejionyesha. Akitulia, ni kwa sababu roboti halina hofu. Kila anachokitoa ili kujiokoa kinachukuliwa kuwa ushahidi dhidi yake, na kipimo pekee walicho nacho wale maofisa ni kumpasua watazame ndani. Kupimwa na kuuawa ni tendo moja. Hapo ndipo ilipo hofu ya filamu hii, na si kwa wale viumbe wa nyota za mbali, ambao hawana kazi kubwa humo.

Watu husema, na ni kweli, kwamba Dick aliandika hayo wakati Marekani ilipokuwa ikisaka wakomunisti chini ya kila kitanda, enzi za seneta Joseph McCarthy. Mimi naomba tuutazame mwaka huo kutoka hapa. Juni 1953 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Mwingereza yaliuzingira mji wa Nairobi, maelfu wakakusanywa na kupitishwa mmoja mmoja mbele ya watu waliovaa magunia yaliyotobolewa sehemu ya macho. Aliyevaa gunia alitikisa kichwa tu. Kwa mtikiso huo mtu alipelekwa kambi za kizuizini za Manyani au Mackinnon Road, bila kesi, bila kumjua aliyemshtaki. Mashamba ya walowezi yaliyouzunguka mji wetu huu nayo yalikuwa na uchujaji wake. Wazee waliopitia hayo walikuwapo mpaka juzi, na baadhi yenu ni wajukuu zao. Dick hakuwa akiifikiria Kenya. Lakini mtu aliyesimama mbele ya gunia, akiulizwa kama amekula kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliompinga Mwingereza, akikana na kukana kwake kuhesabiwa kuwa dalili ya kiapo, angeielewa filamu hii bila kufasiriwa.

Na kuna la karibu zaidi. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, katika barabara zinazoingia na kutoka mji huu, kulikuwa na vizuizi ambapo vijana walidai vitambulisho na kuyasoma majina. Jina lilitosha. Jirani wa miaka mingi aligeuka kuwa kitu kingine kwa herufi chache kwenye kadi, na uwanja wa maonyesho wa hapa Nakuru ukajaa mahema. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Nalisema hili mbele ya wazazi kwa heshima, nikijua wapo waliopoteza watu. Nalisema kwa sababu tuna methali tuipendayo, kikulacho ki nguoni mwako, na nimeisikia ikitumiwa kama hati ya kumkamata mtu. Wale maofisa wa Olham wangeipenda sana.

Sasa kuna swali ambalo kijana mmoja aliniuliza pale mlangoni, na ni swali la haki. Alisema: mwalimu, mwishoni Olham kweli ni roboti. Bomu linalipuka. Kwa hiyo maofisa walikuwa sahihi, na wewe unawalaumu bure.

Jibu la kwanza nalitoa kwenye filamu nyingine, The Thing ya John Carpenter ya mwaka 1982. Kule barafuni wanaume wamefungiwa na kiumbe kinachoweza kuwa yeyote kati yao, na MacReady anabuni kipimo cha kweli, cha kuichoma damu kwa waya wa moto. Lakini kabla ya kupima, anampiga risasi Clark aliyemjia kwa kisu. Damu ya Clark inapopimwa, ni ya binadamu. Carpenter anamwacha yule maiti palepale chumbani, na upimaji unaendelea. Kipimo kilikuwa sahihi, na mtu asiye na hatia amelala chini.

Jibu la pili limo ndani ya hadithi ya Dick yenyewe, na ndilo lililonifanya niipende. Bomu la Olham halina saa. Linafyatuka kwa maneno fulani yakitamkwa. Sasa fuateni mwisho ulivyo. Olham, ili ajisafishe, anawaongoza wanaomwinda hadi kwenye chombo kilichoanguka. Wanakuta mwili. Kwanza wanadhani ni lile roboti, wanamwomba radhi. Dakika chache baadaye wanagundua kwamba ni Olham halisi, aliyeuawa kwa kisu. Yule aliyesimama nao anaanza kusema kwamba ikiwa huyu ndiye Olham, basi yeye lazima atakuwa... na hapohapo dunia inalipuka.

Itazameni sentensi hiyo. Ni nani duniani anayeweza kuitamka? Mtu anayekwenda kazini haitamki. Mume anayeagana na mkewe haitamki. Huitamka mtu aliyeshtakiwa kuwa siye, akasimamishwa mbele ya maiti yake mwenyewe. Adui alitega bomu, sikatai. Lakini mshtuko ulioyatoa yale maneno mdomoni uliletwa na msako. Maofisa walikuwa sahihi kuhusu roboti, na usahihi wao haukumwokoa mtu hata mmoja.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na inampa haki ya kunyamaza. Msomapo hayo shuleni hudhani ni mambo ya mahakama tu. Msomeeni Olham.

Na mkiamua kutengeneza filamu ya namna hii hapa Nakuru, hamhitaji chombo cha angani. Mnahitaji kizuizi barabarani, kadi moja, na watu wanne wanaofahamiana. Kamera ikae upande wa anayeulizwa, na msituambie mapema yeye ni nani. Nipo tayari kusoma miswada yenu kuanzia wiki ijayo. Sasa karibuni maswali.