Pima Prosesa ya Simu Mwenyewe Kabla Hujatoa Pesa

Haya jamaa zangu, karibuni. Mezani nina simu mbili, na maboksi yote mawili yanajisifu kwa viini vinane, yaani sehemu nane za kufanyia kazi ndani ya prosesa, ule ubongo wa simu. Ukiuliza madukani pale Digo Road, Mombasa, utaambiwa, "Zote moja tu hizo, mkubwa, chagua rangi." Sisi tutapima.

Anza kwa kujua umeshika nini. Shusha CPU-Z, programu ya kusoma vilivyomo ndani ya simu, kutoka Play Store, fungua ukurasa wa SOC, yaani chipu yenye prosesa. Tazama skrini: ya kushoto ni Helio G99, ya kulia ni Unisoc T606. Zote zina viini vidogo sita aina ya Cortex-A55, vya kazi nyepesi. Mzigo wenyewe unabebwa na viwili vilivyobaki. G99 ina Cortex-A76 za gigahezi (kipimo cha kasi) 2.2, T606 ina Cortex-A75 za gigahezi 1.6. Kwa hiyo hiyo nane usiihesabu, ulizia hivyo viwili.

Sasa ziandae. Chaji ipite nusu, kisha chomoa waya. Zima kiokoa betri, funga programu zote, vua kava, mwangaza wa skrini uwe sawa. Na tafadhali, usiweke moja chini ya feni na nyingine dirishani juani, halafu uje kubishana kwenye komenti.

Fungua Geekbench 6, programu ya kupima kasi, bonyeza kipimo cha CPU (prosesa), usubiri. Zinatoka namba mbili. Ya kiini kimoja ndiyo utakayoihisi kidoleni: kufungua WhatsApp, kuperuzi, kuandika. Ya viini vyote ni ya wanaohariri video na mfano wake. Ona hapa, kwa kiini kimoja G99 imeiacha mwenzake karibu mara mbili. Angalizo dogo: usilinganishe na matokeo ya Geekbench 5, vipimo vyake ni tofauti kabisa.

Wengi huishia hapo. Mimi siishii hapo, maana joto la Mombasa mwezi wa Februari mnalijua. Chipu ikipata moto hupunguza kasi ili isiungue, na jaribio fupi halikuonyeshi hilo. Mwaka 2022 Geekbench waliondoa simu kadhaa za Galaxy S kwenye orodha yao, kwa kuwa programu ya Samsung ilikuwa ikipunguza kasi ya michezo na programu nyingine lakini haiigusi Geekbench.

Basi shusha 3DMark, programu nyingine ya kupima, chagua Wild Life Stress Test. Inarudia jaribio la kuchora picha za mchezo (grafiki) la dakika moja mara 20. Iache simu, kanywe kahawa.

Mwisho inakupa alama ya juu, ya chini, na asilimia ya uthabiti, yaani ya chini ni asilimia ngapi ya ile ya juu. Hapa ndipo watu hudanganyika. Chipu dhaifu inaweza kupata asilimia 99 kwa sababu haichemki, haina nguvu ya kuchemka! Soma alama ya chini. Hiyo ndiyo kasi atakayobaki nayo dereva wa tuktuk aliyebandika simu kwenye kioo, ramani imewashwa, jua la saa saba linaipiga.

Dukani hakuna atakayekuachia simu dakika 20, najua. Muombe akufungulie CPU-Z tu, soma jina la chipu na hivyo viini viwili vikubwa, kisha tafuta matokeo yake mtandaoni ukiwa hapo hapo kaunta. Akikataa hata hilo, duka la pili liko mlango wa pili.